Neva ya uso ilivyotaka kuvunja posa ya mdogo wangu Koku (Bukoba, miaka ya themanini mwishoni)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna uzi humu mtu kauliza "neva" maana yake nini, watu wakammwagia majibu ya kukopi na kubandika mpaka nikachoka kusoma. Mimi si daktari. Ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina wajukuu wanaoniwekea bando. Lakini neva naijua. Iliwahi kuingia nyumbani kwetu Kitendaguro, ikakaa, na nusura iondoke na ndoa ya mdogo wangu.

Nitakayoandika niliyaona mwenyewe, mengi nikiwa nimeshika mwiko. Ukiona haiwezekani, jua hata sisi tulisema hivyo hivyo.

Twende.

Kwa wasioijua Kagera ya miaka ile: vita vya Amin vilikuwa vimekwisha, ila havikutuacha tulivyokuwa. Halafu ukaja ugonjwa. Mwanzoni wengine waliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo vilivyokuwa vinaingia kutoka Uganda. Wengine wakasema silimu, yaani slim ya Kiingereza, kwa jinsi ulivyokondesha. Baadaye tukaletewa neno Ukimwi. Tulikuwa tunazika kila wiki. Unatoka msibani Hamugembe, unapita nyumbani kubadili khanga, unakwenda msiba mwingine.

Na jambo moja mlielewe, maana bila hilo mtatuona wendawazimu.

Miaka ile familia haikusema mgonjwa wao anaumwa nini. Wanakwambia malaria imepanda kichwani, unaitikia pole, ukifika njiapanda mnatazamana. Wakisema kifua, mnatazamana. Vidonda vya tumbo, mnatazamana. Kila jina la ugonjwa lilikuwa limechakaa, hakuna aliyeliamini tena.

Basi katika hali hiyo baba yetu, Tata, akaamka asubuhi moja uso umepinda.

Upande mmoja ulikuwa umelala kabisa. Jicho halifumbi, shavu limeteremka, chai inatokea pembeni. Upande mzima nao ukawa unavuta mdomo kwenda kwake, kwa hiyo ukimtazama kutoka huko unaona mtu anayetabasamu. Muda wote. Akiwa anapalilia migomba anatabasamu. Akiwa amekasirika anatabasamu zaidi.

Msibani ndiyo ilikuwa balaa. Tata alikuwa mtu wa kuheshimika, mgambo aliyekwenda vitani akarudi, wakati wa kuaga marehemu huwa anaitwa azungumze. Akasimama kwenye kaburi la jirani yetu, anaeleza wema wa marehemu, na uso unacheka. Mjane alimtazama mpaka mimi nikainamisha kichwa. Baada ya hapo hakuitwa tena.

Maelezo ya mtaa yalikuja bila kuombwa. Wapo waliosema ni upepo mbaya. Wapo waliosema ni mshindo wa mabomu ya vitani, ulikuwa umechelewa njiani. Waliobaki walinyamaza, na hao ndio walionitisha.

Hospitali daktari alimpima, akamwambia akunje uso, apulize, afumbe macho. Akasema ni neva ya uso. Itapona polepole yenyewe, alifunike jicho lisikauke. Basi. Mimi niliridhika kabisa.

Baba mdogo hakuridhika.

Sasa nimtambulishe. Ta Deo, mdogo wake Tata, alikaa seminari miaka mingi, akatoka akiwa amekaribia upadre kwa sababu anazozijua yeye na askofu. Akawa anafundisha sekondari. Alikuwa na Kilatini na Kigiriki kichwani na hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye Kitendaguro nzima, kwa hiyo alizungumza na sisi.

Aliitisha kikao cha ukoo. Akasema tatizo si uso wa kaka. Tatizo ni jina. Majina madogo yote watu wameshayazoea, kwa hiyo tunahitaji jina ambalo jirani hawezi kulishuku kwa sababu hawezi kulimeza.

Akaanza darasa. Akasema Wagiriki wa kale walikuwa na neno neuron, lililokuwa linamaanisha kano, na uzi wa upinde, na kamba ya kinanda. Hawakuwa wanatofautisha kano na neva, kwao yote ni kamba za mwilini. Hapo nikamwambia basi ni kama sisi na mshipa. Maana mshipa kwetu ni wa damu, mshipa ni wa shingo, mshipa ni ule unaowasumbua wazee wa kiume, na neva yenyewe tunaiita mshipa wa fahamu. Alifurahi sana, akasema nina kichwa cha Kigiriki. Shangazi aliyekuwa pembeni yangu akauliza kama hicho nacho kinaambukiza.

Akaendelea. Paralysis, akasema, ni kulegea upande, kama kamba iliyofunguliwa. Waingereza waliichukua kupitia Wafaransa, wakaitafuna mpaka ikabaki palsy. Akatuambia kuna neva nyingine inaitwa vagus, yaani mzururaji, kwa sababu inatoka kichwani inatembea hadi tumboni. Na nyingine ya usoni jina lake maana yake ni mapacha watatu. Tata, ambaye ndiye mgonjwa, alikuwa ameshalala kwenye kiti, jicho moja wazi.

Azimio la kikao: kila mtu wa ukoo akiulizwa, ajibu "paralysis ya nervus facialis". Tulifanya mazoezi. Shangazi aliweza baada ya jitihada kubwa, akawa analisema hata asipoulizwa.

Mnajua majirani walisema nini? Walisema Ukimwi wa wasomi umeingia, huo wenye jina refu.

Mama mmoja wa jirani alikuja kwa heshima zote kuniuliza kama unawapata walimu wa msingi pia, au ni kuanzia sekondari.

Sasa wakati huo mdogo wangu Koku alikuwa na mchumba. Kijana anaitwa Projestus, mpakia mizigo bandarini Kemondo, mpole, mchapakazi, anampenda Koku mpaka unaona huruma. Mama yake, Ma Angelina, alikuwa mjane. Mumewe alikuwa mvuvi visiwani huko Muleba, na baada ya mume kufa mama akahamia Kemondo, akawa anauza samaki wa kukaushwa. Mama huyu alikuwa ametangaza wazi kwamba hatachukua mkwe kutoka nyumba yenye ule ugonjwa. Na asingesikiliza la mtu. Atakuja mwenyewe na wazee wake, amtazame baba wa binti kwa macho yake.

Msimlaumu. Kila mtu alikuwa anafanya hivyo, ila wengine walijificha.

Koku alinifuata jikoni, akaniambia akikataliwa na mama yule hakuna mwingine atakayekanyaga kwetu, na hata akikanyaga yeye hamtaki. Alikuwa analia. Mimi nikamwambia usihofu, uso wa Tata unarudi.

Na kweli ulikuwa unarudi. Mdomo ulikuwa umeanza kukaa mahali pake, lile tabasamu limepungua nusu. Tukashukuru Mungu.

Tulishukuru mapema.

Siku chache kabla ya posa Tata alikuwa anakula ndizi na maharage, mara machozi yakaanza kutoka jicho la upande mbovu. Si kidogo. Yalikuwa yanateremka mpaka kwenye kidevu. Akaacha kula, yakakoma. Akala tena, yakatoka tena. Anatafuna, analia. Alitutazama kama mtu aliyeibiwa.

Tukamrudisha kwa daktari. Akasema hutokea. Neva ikijeruhiwa inaota upya, na nyuzi nyingine hupotea njia. Uzi wa kwenda kwenye mate unakwenda kwenye machozi. Kama fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa ya sebuleni, ukibonyeza swichi inawaka ya chooni. Chakula kikiwa kitamu mdomo unataka kujaa mate, na jicho linatii amri isiyo yake.

Wakuu, ona mtego tulioingia.

Ugonjwa ule ulikuwa unakondesha watu. Kwa hiyo mgeni akitaka kujua kama mtu anao, anamtazama akila. Tata asipokula mbele ya wakwe, posa imekwisha. Akila, atalia mbele yao, watasema mzee anayalilia maisha yake, posa imekwisha. Na katika ukoo wetu baba wa binti siku ya posa anapaswa kukunja uso, asionekane anamtoa mtoto kama anatoa kuku. Wa kwetu alikuwa bado anatabasamu nusu.

Ta Deo akatafakari, akaja na suluhisho la kisayansi: chakula kisiwe kitamu.

Niambieni mpishi gani ameshawahi kupewa agizo hilo. Mimi, ambaye misiba ya mtaa mzima ilikuwa inanifuata nikapike! Tulimjaribisha Tata vyakula kimoja kimoja kama panya wa maabara. Samaki wa moshi, analia. Maharage yenye samli, analia. Ndizi zilizochemshwa bila chumvi wala kitu chochote, jicho kavu. Na isingewezekana kumpikia chungu chake peke yake, kwa sababu kwetu mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Kinacholiwa na Tata ndicho kitakacholiwa na wakwe.

Nikawapikia wageni wa posa ndizi zisizo na chumvi. Aibu ile ninayo hadi leo.

Siku ikafika. Tumetandaza nyasi, tumefagia mpaka chini ya migomba. Ma Angelina akaja na Projestus, mshenga, na shemeji yake mzee Byabato, mvuvi mstaafu wa visiwani. Walibeba rubisi, pombe yetu ya ndizi. Tukawapokea, tukawapa kahawa ya kutafuna, salamu zikaenda vizuri. Tata alikaa upande mbovu ukiwa ukutani. Mshenga akazungumza, Ta Deo akajibu kwa niaba yetu, mahari ikaguswa kidogo ikaachwa.

Chakula kikaletwa. Tata akaonja. Jicho kavu. Akaendelea kula, tena kwa bidii, tonge juu ya tonge. Wageni nao wakaonja. Niliona nyuso zao. Walikula kwa adabu ya hali ya juu. Koku alikuwa mlangoni, nikamwona anapumua.

Hapo Ma Angelina akafungua kikapu chake.

Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Alikuwa amewakaanga mwenyewe asubuhi, amewafunga kwenye jani la mgomba, na harufu ilipotoka nyumba nzima iligeuka kutazama. Akala mmoja kwanza kuonyesha ni salama, halafu akamsogezea Tata. Na zawadi ya namna hiyo huikatai. Ukiikataa umemwambia mama wa watu kwamba unamwogopa, na yeye amekuja kutazama kama kuna sababu ya kukuogopa wewe.

Tata alinitazama mimi. Mimi nikamtazama Ta Deo. Ta Deo akatazama dari.

Tata akamgeukia mama, akachukua, akala.

Mvua ile sitaisahau. Yalimiminika. Mzee anatafuna senene, machozi yanashuka kwenye shavu, na mdomo bado unatabasamu upande. Mshenga aliacha tonge hewani. Projestus akasimama, akakaa.

Ta Deo akaruka juu. Akaanza na neuron. Akasema uzi wa upinde. Akaeleza paralysis, akaeleza neva ya uso, akapita kwa mzururaji ambaye hakuhusika kabisa, akafika kwenye nyuzi zilizopotea njia. Nakiri alieleza vizuri. Hata leo ningemwachia yeye aeleze. Wageni walianza kutikisa vichwa kwa kuelewa. Angenyamaza hapo tungekuwa salama.

Lakini msomi hawezi kuacha jina. Akasema, na kwa kuwa hali hii inajulikana duniani kote, hata vitabu vya madaktari vina jina lake. Inaitwa machozi ya mamba.

Mshenga akalirudisha tonge chini.

Nilitamani ardhi inimeze na sufuria langu. Amewaambia wakwe, kwa sauti ya darasani, kwamba baba wa binti anawalilia machozi ya uongo.

Akajaribu kuokoa. Akasema jina limetokana na imani ya watu wa zamani kwamba mamba hulia wakati anamla mtu. Ndipo mzee Byabato, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu salamu, akaweka kikombe chini. Akasema si kweli. Amevua Muleba maisha yake yote, amewaona mamba wakila mbwa, wakila mbuzi, na hajamwona anayelia. Ta Deo akasema ni imani tu ya kale. Mzee akasema basi hao wa kale walikuwa hawajafika ziwani. Mshenga akaingilia kwamba yeye amesikia mamba ana maji machoni. Mzee akasema maji ni ya ziwa, mnyama ametoka kuoga. Ta Deo akaleta Kilatini. Mzee akaleta kovu mguuni.

Wakuu, posa ya mdogo wangu iligeuka kesi ya mamba. Wanaume watatu wazima wananyoosheana vidole, na Tata katikati anaendelea kula senene na kulia kwa sababu ya adabu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka kile kicheko kibaya cha mtu anayeona mambo yanaharibika. Koku alikuwa ametoka nje.

Ma Angelina akapiga kofi moja juu ya mkeka.

"Waitu, ndugu zangu, mwacheni mamba," akasema. Alikuwa anazungumza taratibu, hamtazami mtu isipokuwa Tata. "Mimi nimezika mume. Nimezika watoto, Projestus ndiye aliyebaki. Wa mwisho nilimzika Jumamosi, Jumatatu nilikuwa sokoni nauza samaki. Sikulia. Sikuwa na machozi, yaliisha kwa wale wa kwanza. Hata kitunguu hakinilizi. Sasa naona mtu mzima anakula chakula changu na machozi yanatoka. Sijali ni ya mshipa gani. Nimekaa muda mrefu na watu wasiolia. Mtoto wenu namtaka."

Ta Deo alifungua mdomo. Shangazi akamfinya.

Tata aliacha kula. Akafuta mikono, akakaa. Sisi tuliojua tukasubiri jicho likauke, maana hakuna cha kutafuna. Likakauka kweli.

Halafu likaanza jingine. Lile zima.

Sikuelewa upesi. Jicho lile halikuwa na ugonjwa wowote. Tata alikuwa amezika wadogo zake wawili na binti wa dada yake ndani ya muda mfupi, na makaburini kote nilikuwa nimesimama karibu naye. Sikuwahi kuona tone. Nilidhani ni mwanaume, ni mgambo, ndivyo alivyo. Nilikuwa hata nimemkasirikia moyoni.

"Mama," akamwambia, "na mimi yalikuwa yameisha."

Hakuyazuia. Yalimtoka, bila kufuta, na Ma Angelina alikaa naye pale akimtazama. Uso wake mwenyewe ulibaki mkavu. Mzee Byabato alivua kofia. Mimi nilikaa chini kwenye nyasi na mwiko wangu nikalia kama mtoto, nikawalilia wote ambao nilikuwa nimepika kwenye misiba yao bila kupata nafasi ya kuwalilia.

Koku akaolewa. Wapo hadi leo, wana wajukuu. Mama mkwe alimfundisha kupika upya tangu mwanzo, kwa sababu aliamini kwa dhati kwamba ukoo wetu haujui chumvi, na hatukuwahi kumweleza. Tata alipona uso, akazeeka vizuri, akafa kwa uzee. Machozi ya chakula yalimbakia kidogo, wajukuu walikuwa wanampelekea senene makusudi.

Na majirani waliokuwa wanatazamana njiapanda? Walikuja harusini, wakala.

Somo nililopata. Tulitafuta jina kubwa ili watu wasituone, na hilo ndilo lililotuumbua. Kilichotuokoa ni mama mmoja kusema ukweli wake mbele za watu, miaka ambayo hakuna aliyethubutu. Mngekuwepo mngejua ukubwa wa jambo hilo. Kwa hiyo mwenye mgonjwa asipoteze muda kumtafutia jina la heshima. Akae naye, ale naye.

Baadaye sana nilimuuliza Ta Deo. Nikamwambia, baba mdogo, machozi ya jicho bovu umenipa jina lake. Yale ya jicho zima yanaitwaje? Alikuwa na neno kwa kila kitu yule mzee, hata kwa kiwiko. Alifikiri, akafikiri, akavua miwani.

"Hayo hayana Kigiriki, mwanangu," akasema.

Haya, uwanja ni wenu. Waliowahi kupinda uso au kuuguza mtu wa hivyo, semeni mlivyopita. Na wa miaka ile ya kwetu, kama kuna uliyemzika bila kulia, unaweza kumtaja hapa, tutakaa nawe.

Ila anayekuja kubishana kuhusu mamba aje na kovu.